Gari imezima katikati ya njia na nyuma wanapiga honi: jinsi ya kutuliza moyo ukiwa unajifunza udereva hapa Tanga

Nianze na kitu kilichotokea asubuhi moja Ngamiani, kule kwenye barabara za namba ambako kila ukitembea kidogo unakuta makutano mengine. Nilikuwa na mwanafunzi, dada mmoja wa Makorora, ana siku kama kumi tu kwenye usukani na kwakweli anaendesha vizuri, klachi anaijua, gia anabadilisha bila kuangalia chini. Tukafika makutano tukasimama kupisha, alipotaka kuondoka gari ikazima. Ni kitu cha kawaida, hakuna aliyejifunza gari ya gia za mkono ikaacha kumzimia. Ila nyuma yetu kulikuwa na bajaji, na nyuma ya bajaji daladala, bajaji akapiga honi moja fupi, daladala akapiga ile ndefu isiyoisha, afu konda akatoa kichwa dirishani akasema "kama hujui si ukae nyumbani upike!"

Basi, nikaona shingo ya yule dada imekakamaa. Akawasha, ikazima tena kwasababu hakukanyaga klachi mpaka chini, akawasha tena, safari hii akakanyaga mafuta mengi akaachia klachi yote kwa mara moja na gari ikaruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba, na kushoto kwetu palepale alikuwa anapita mzee na baiskeli yake, nyuma kafunga boksi la mikate. Hakumuona kabisa. Gari ya kufundishia ina breki upande wangu pia, nikaikanyaga, tukasimama hatua moja tu kutoka kwenye tairi la yule mzee. Mzee akashusha mguu mmoja chini, akatuangalia, akasema "taratibu wanangu" akaendelea na safari yake.

Nikamwambia yule dada tuvuke apaki pembeni. Akazima gari akakaa kimya, mikono bado kwenye usukani, afu akaniambia: "Mwalimu, nimeaibika."

Hakusema nimeogopa, wala hakusema nilitaka kumgonga mzee wa watu, alisema nimeaibika. Nimefundisha watu wengi na hilo neno nimelisikia kwa namna nyingi, ndio maana nikaona niandike hapa kwa ajili ya mtu yeyote anayejifunza sasa hivi, iwe Tanga mjini au popote. Tunafundishana klachi na alama za barabarani lakini hakuna anayekufundisha ufanye nini na moyo wako pale unapopigiwa honi mbele za watu. Mi naamini kwa dhati kabisa kwamba aibu ni hatari kwa mwanafunzi kuliko uoga. Mtu mwenye uoga anapunguza mwendo, anasimama, anauliza. Mwenye aibu anataka atoke pale haraka asionekane, na akishatoka aibu inageuka hasira, anataka kuwaonyesha kwamba na yeye anajua. Na gari mkononi mwa mtu anayetaka kuwaonyesha watu kitu, hapo ndipo roho za watu zinapotea.

Hili sio jambo dogo. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2023 lilisema ajali za barabarani zinaua watu karibu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwa watu wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kitu kingine kinachowaua zaidi ya ajali. Yaani sio malaria wala kitu gani, ni barabara. Na wengi wanaojifunza udereva ni hao hao wa miaka 18 mpaka 29.

Sasa tuelewane kwanza mwilini kinatokea nini, maana ukijua hutajilaumu bure. Ukishtuka au ukiaibishwa mwili unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, macho yanang'ang'ania kitu kimoja tu mbele na vya pembeni hauvioni tena. Ndio maana yule dada hakumuona mzee wa baiskeli, sio kwamba hana macho, macho yake yalikuwa yamebaki kwenye kioo cha ndani kumuangalia yule konda. Na mguu wa klachi unatetemeka, hii wanafunzi wengi wananiambia kwa kunong'ona kama vile ni ugonjwa wao peke yao. Hapana jamani, mguu unatetemeka kwasababu misuli imejiandaa kukimbia na wewe umeibana kwenye pedeli. Itapita.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa James Gross, mwaka 1998 alipanga vizuri sana hili suala la watu kuongoza hisia zao. Alisema hisia zina safari yake, inaanza na mazingira unayojiweka, afu unachokiangalia humo ndani, afu unavyokitafsiri, na mwisho ndio hisia yenyewe inakulipuka. Unaweza kuishika popote kwenye hiyo njia. Ila kuishika mwishoni, yaani imeshakulipuka afu unajikaza uso usionekane, ndiyo njia ngumu, na majaribio ya yeye na wenzake yalionyesha kwamba mtu anayejikaza kuficha hisia anakumbuka vitu vichache zaidi vinavyotokea mbele yake, kwasababu akili iko bize kuficha. Fikiria sasa huyo mtu ana usukani mkononi. Kwahiyo nikikwambia tuliza moyo simaanishi jikaze kisabuni, kujikaza ndio kunakula akili uliyotakiwa uitumie kuangalia barabara.

Tuanze basi kabla hata haujawasha gari.

Ukikaa kwenye kiti, ukishafunga mkanda na kuweka vioo, jiulize nipoje leo, na ujibu kwa neno moja, kwa sauti. Nina hasira. Nina haraka. Nimenuna. Nina njaa. Nina mzuka. Wanafunzi wangu mwanzo wanaona haya kufanya hivi, wanacheka, ila nawang'ang'aniza, maana kuna watafiti walioangalia ubongo wa watu kwa mashine wakaona mtu akiitaja hisia yake kwa jina ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari inapoa kidogo. Na hata bila mashine utaliona mwenyewe. Mtu akishasema "nimegombana na mume wangu asubuhi" unaona mabega yanashuka. Kuna kipimo cha maswali 36 kilichotungwa na Gratz na Roemer mwaka 2004 cha kupima shida ya mtu kuongoza hisia, na baadhi ya vitu kinavyoviangalia ni kama mtu anaijua hisia yake, anaikubali bila kujilaani, anaweza kuendelea na kazi akiwa nayo, anaweza kujizuia asifanye cha haraka haraka, na kama anaamini ana namna yoyote ya kujisaidia. Jiangalie kwenye hayo. Kuna mtu hisia zake anazijua vizuri sana tatizo lake ni kujizuia, na kuna mwingine hata kujua kama kakasirika hajui mpaka aambiwe, huyu wa pili ndio anayenipa shida zaidi mimi kama mwalimu.

Kama jibu lako ni baya sana, usiendeshe. Mwambie mwalimu leo tufanye nadharia, au tukae uwanjani tufanye rivasi tu. Mwalimu mzuri atakuelewa. Na chagua saa. Mwanafunzi mpya usimpeleke karibu na uwanja wa Mkwakwani siku ya mechi, wala usimpeleke njia ya stendi ya Kange muda mabasi yanatoka, mpeleke Raskazone asubuhi mapema kuna upepo wa bahari na watu wachache wanaokimbia mazoezi, akishazoea ndio anaingia Ngamiani. Hii sio kumdekeza mtu, ni kumuongezea mzigo kidogo kidogo.

Halafu Ramadhani. Hili naomba mlisikilize, kwasababu mji wetu wengi tunafunga. Ile saa kumi na moja na nusu jioni mpaka adhana ya magharibi ndio saa mbaya kuliko zote, kila mtu ana njaa, koo limekauka, kichwa kinagonga na kila mtu anakimbilia futari, boda wanapita pande zote mbili. Mwanafunzi aliyefunga asiwe barabarani muda huo. Jifunze asubuhi baada ya daku na swala, mwili bado una kitu. Na kama umekwama barabarani na adhana imelia, paki, fungulia kwa tende na maji palepale pembeni, dakika mbili tatu. Hakuna futari inayokimbia.

Sasa twende kwenye lile lenyewe, gari imekuzimia mbele ya watu na honi zinapigwa.

Mguu wa kulia kwenye breki, kanyaga na uache hapohapo. Vuta handibreki. Ukishavuta handibreki gari haiendi popote, na moyo unajua hilo, utaona hata wenyewe unapunguza mbio. Washa hazadi, zile taa zinawaambia wa nyuma yako kila kitu, hauhitaji kujieleza. Kanyaga klachi mpaka chini kabisa, weka fri, yaani gia isiwe imeingia yoyote. Hapo simama. Usiwashe bado! Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe kwa mdomo taratibu ukihesabu mpaka sita au nane, ile ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta kwasababu pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoupunguza moyo mwendo. Moja tu inatosha, ukiweza mbili. Hesabu uone, ni sekunde kumi. Mtu aliye nyuma yako hatakufa kwa sekunde kumi, ila mzee wa baiskeli anaweza akafa kwa sekunde moja.

Ndio unawasha sasa. Gia ya kwanza. Kioo cha ndani, saidimira ya kulia, saidimira ya kushoto, geuza na kichwa kabisa uangalie kushoto kwasababu huu ni mji wa baiskeli na baiskeli inapita pale ambapo kioo hakionyeshi. Panda klachi taratibu mpaka usikie gari inavuta, pua inainuka kidogo, shikilia hapo hapo, shusha handibreki, ondoka, zima hazadi. Ikizima tena unaanza upya yote kutoka mwanzo, pamoja na ile pumzi. Usiruke hatua eti kwasababu ni mara ya pili. Yule dada aliruka.

Fanyeni hili zoezi uwanjani makusudi kabisa, mi huwa namwambia mwanafunzi aizime gari mwenyewe, mara kumi, mara ishirini, na mimi nakaa nyuma napiga makofi na kelele "toka njiani wewe!" mpaka azoee kwamba kelele ni kelele tu na mikono yake inajua cha kufanya. Akija kukutana nayo barabarani mwili umeshaijua. Hicho ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote.

Na kuhusu honi yenyewe. Tafsiri yako ndiyo inakuumiza. Ukiambia moyo wako "wananidharau" utapanda, ukiambia "huyu ana hesabu ya bosi ya kukamilisha kabla ya jioni" utashuka, na hiyo ya pili mara nyingi ndiyo kweli. Bajaji anapiga honi siku nzima, anampigia mbuzi, anampigia abiria aliyesimama, anamsalimia rafiki yake. Honi yake sio barua ya kwako. Nilimuuliza dereva mmoja wa daladala ninayemjua, hivi ukimuona lena, yaani mtu anayejifunza, na kile kibao cha L nyekundu mbele yako unajisikiaje, akasema "mwalimu mi simuoni hata, naona nafasi tu ya kupita." Nikawapelekea wanafunzi wangu hilo jibu maana linatuliza kweli. Wewe unadhani mji mzima unakuangalia wewe, kumbe yeye anaangalia nafasi.

Konda aliyesema ukapike ni kesi nyingine, huyo amekutukana kweli na sitaki nikudanganye kwamba ni tafsiri yako. Akina mama na dada wanaojifunza wanasikia haya maneno sana na yanachosha. Ninachowaambia ni kwamba jibu usilitoe na gari. Kasirika, una haki, sema hata kwa sauti ndani ya gari "huyu hana adabu", afu rudisha macho kwenye kitu unachotakiwa kukiangalia sekunde ile. Mimi huwa nampa mwanafunzi kazi ya mdomo, ataje anachokiona: baiskeli kushoto, mama na mtoto wanataka kuvuka, tuta mbele, boda anatoka uchochoroni. Ukiwa unataja vitu kwa mdomo hauna nafasi ya kumfikiria konda, na unaendesha vizuri zaidi kuliko hata kabla hujatukanwa.

Sasa hawa wengine, wasio na uoga. Hawa nina wasiwasi nao zaidi.

Kijana anakuja, siku ya tatu tu anashika usukani kwa mkono mmoja. Kajifunza gari ya mjomba wake kijijini, anasema "mwalimu mi kuendesha najua, nataka leseni tu." Ukimuuliza kuhusu mwendo anakwambia hatari ni kwa wasiojua. Hii fikra watu wa utafiti wanaijua zamani. Mwaka 1981 Ola Svenson aliwauliza wanafunzi wa Marekani na Sweden wajilinganishe na wenzao kwa ujuzi wa kuendesha, Wamarekani 93 kati ya 100 walijiweka kwenye nusu ya wale wanaojua zaidi, Waswidi 69 kati ya 100. Haiwezekani watu 93 wakawa kwenye nusu ya juu, hesabu inakataa. Kwahiyo ukijisikia unajua kuliko wengine, hiyo hali kila mtu anayo, haikupi uthibitisho wowote.

Hesabu ninayowapa hawa vijana ni hii. Mwendo wa 50, ambao ndio kikomo kwenye maeneo ya makazi, kila sekunde gari inakula mita 14. Mwendo wa 80 ni mita 22. Mpaka uone kitu, ubongo uelewe, mguu uhame kutoka mafuta kwenda breki, sekunde nzima imeshapita au zaidi, na hapo breki haijaanza hata kushika. Ukiwa na hasira au una mzuka inakuwa mbaya zaidi. Na nguvu ya kugonga haipandi sawa na mwendo, ukitoka 50 kwenda 70 hujaongeza kidogo, nguvu inakaribia kuwa mara mbili. Kijana mmoja wa Chumbageni nilimpeleka tukapima kwa miguu hizo mita 14, hatua ndefu kumi na nne, na nikamwambia simama hapo uniangalie nilipo, umbali wote huu umepita wewe ukiwa bado unasema "eh!" Alinyamaza. Siku ile hakushika usukani kwa mkono mmoja.

Vijana hao hao ukiwapakilia washkaji ndio basi. Mwaka 2005 Gardner na Steinberg kule Marekani waliwachezesha watu mchezo wa gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine wenzao wakiwa pembeni wanaangalia. Wadogo wa miaka 13 mpaka 16 na vijana wa 18 mpaka 22 walijitosa kwenye hatari zaidi wenzao walipokuwepo, watu wazima kuanzia 24 karibu hawakubadilika. Sio lazima hata washkaji waseme kitu, kuwepo tu kunatosha.

Mimi mwenyewe nalijua hili kwa uchungu. Leseni yangu ilikuwa na wiki tatu, nikapewa gari ya kaka yangu, tukaondoka vijana wanne kwenda Muheza kwenye harusi. Tumeshapita Pongwe, mbele yetu kuna lori la saruji linapanda taratibu, nikawa nyuma yake nimetulia tu. Mmoja nyuma akasema "mwanangu tutafika ndoa imeshavunjika", wakacheka wote. Ilikuwa utani tu, hakuna aliyenilazimisha. Lakini nilisikia masikio yanawaka moto, nikatoka kulia bila kuona mwisho wa kilima, na Fuso likatokea. Dereva wa Fuso aliwasha fulu, akaingia pembeni kwenye vumbi, akatupisha, mimi nikapita katikati. Hakuna aliyeongea mpaka Muheza. Yule dereva sijawahi kumjua na kila nikipita pale namuombea dua, kwasababu yeye ndiye aliyeongoza hasira yake siku ile.

Ndio maana mwanafunzi wangu akipata leseni namwambia miezi sita ya kwanza usipakie zaidi ya mtu mmoja, na huyo mmoja awe mtu unayemheshimu, mama, shangazi, kaka mkubwa. Kama huna namna na lazima uwabebe wenzako, waambie kabla hamjaondoka, ukiwa bado umepaki: "jamani mi bado mgeni, naenda taratibu, atakayeona nachelewa apande boda." Ukisema mapema unakuwa umeitoa aibu mwenyewe na haina tena nguvu ya kukuchoma njiani.

Kidogo kwa walimu na wazazi. Mimi nilifundishwa na mtu aliyekuwa ananipiga kofi la mkono kila nikikosea gia, na nilichojifunza kwake ni kuficha makosa. Ukimfokea mwanafunzi kwenye makutano umemuongezea konda wa pili ndani ya gari. Toa maelekezo mafupi, breki, shikilia, subiri, na maneno marefu yasubiri mpaka mpaki. Baba anayemfundisha binti yake na kusema "unanitia aibu" naomba hiyo sentensi aiache nyumbani.

Siku ya mtihani mbele ya trafiki watu wanaojua wanafeli kwasababu ya presha tu. Lala mapema, kula chai nzito, fika nusu saa kabla, tembea tembea. Usikae kwenye kundi la wanaosimuliana nani kafelishwa. Ukiitwa, taja hisia yako kimoyomoyo, pumzi moja ndefu, kiti, mkanda, vioo. Ukikosea kitu kimoja endelea na kinachofuata, ukianza kulifikiria kosa lililopita unafanya la pili.

La mwisho ni barabara kubwa, maana leseni ikitoka kila mtu anataka kwenda Segera. Njia ni nyembamba, magari ya kwenda na kurudi yanapishana, malori mengi. Shida kubwa ni kuovateki na hisia inayokusukuma ni kuchoka kukaa nyuma ya mtu. Tupige hesabu. Lori linakwenda 60, wewe unataka kulipita na 80. Ukitoka mita kama 20 nyuma yake, ulipite lenyewe, urudi kushoto na nafasi mbele yake, ni kama mita 60 za kulizidi, na unalizidi kwa mita tano na nusu tu kila sekunde, kwahiyo uko upande wa wenzako sekunde 11. Ndani ya hizo sekunde 11 umekula mita 240, na kama kuna mtu anakuja na 80 na yeye amekula 240. Unahitaji karibu nusu kilomita nyeupe mbele yako, nusu kilomita unayoiona kwa macho, sio unayoikisia. Na faida yenyewe? Tanga mpaka Muheza ni kama kilomita 35, kwa mwendo wa 80 ni dakika 26, kwa 100 ni dakika 21. Dakika tano. Ukiwa nyuma ya lori na unasikia mguu unawasha, rudi nyuma zaidi badala ya kumsogelea, acha nafasi kubwa mpaka uone barabara mbele yake, presha inashuka yenyewe kwasababu macho yamepata pa kwenda. Mtu akikuchomekea kwenye hiyo nafasi, rudi nyuma tena. Akichomekea na mwingine, rudi tena.

Safari yako ya kwanza fanya hivi: Jumamosi asubuhi, kumeshapambazuka, mtu mmoja mzima pembeni, simu iwe kwenye begi kiti cha nyuma. Jiwekee kwamba kwenda hutampita mtu hata mmoja, awe lori, awe trekta, wewe ni wa kupitwa tu leo, wapishe wote. Yule dada wa Makorora nilimpa hili zoezi hili hili, tukapitwa na magari mengi mpaka tukaacha kuhesabu, na kila akipitwa anasema kwa sauti "karibu, pita". Tulipofika Muheza akapaki vizuri, akavuta handibreki, akashuka kununua machungwa. Mguu wake, akaniambia, haujatetemeka hata mara moja. Tulikaa nusu saa tukayamenya tukayala palepale kivulini, ndio tukaanza safari ya kurudi.